Yohana Alirudi Kuuliza Matokeo

Usiku ule nililala mapema, si kwa uchovu, bali kwa kumkwepa mke wangu asije akaniuliza nina nini. Mchana nilikuwa nimekutana na Mama Yohana sokoni, kwenye safu ya wauza dagaa, akanishika mkono na kuniomba jambo. Nililikubali papo hapo, nikaondoka huku nimesahau hata kilichonipeleka sokoni.

Jumamosi ya wiki ile familia yake ilikuwa inakwenda kulijengea kaburi la mwanawe. Yohana alifariki mwaka uliopita, na kwao ni desturi kuuacha udongo wa kaburi utulie kwanza, upitiwe na mvua za msimu mzima, ndipo ndugu wakusanyike na saruji yao. Siku hiyo waliomjua marehemu husimama wakasema maneno mawili matatu.

"Fundi, wewe ndiye uliyekuwa macho yake," aliniambia. "Nataka usimame useme. Useme mbele ya watu kwamba ulimsamehe kwa ile medali aliyokupotezea. Baba yake akisikia wewe umesamehe, labda na yeye atalegea. Tangu tuzike hajakanyaga pale."

"Nitasema, mama," nikamjibu.

Nilisema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Na ukweli ni kwamba Yohana hakunipotezea medali yoyote. Mimi ndiye niliyempotezea yeye, kisha nikamsingizia, na akafa watu wote wakiamini kosa ni lake.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Singida, kibanda changu kiko jirani na mashine ya kukamua alizeti. Yohana aliletwa kwangu na mwalimu wa michezo, aliyekuwa anamtafutia mtu mwenye miguu ya kukimbia na asiye na mambo mengi. Surua ilimchukua macho akiwa mdogo, lakini miguu ilimwachia mizima, na alikuwa na mbio za kutisha. Mkimbiaji asiyeona hukimbia bega kwa bega na mwongozaji wake, kila mmoja ameshika ncha ya kamba fupi. Yetu ilikuwa kamba ya kiatu tuliyoikunja mara mbili. Kanuni zenyewe si nyingi: usimvute, usimsukume, na mwisho wa mbio hakikisha yeye ndiye anayevuka mstari kwanza. Mwongozaji akitangulia, hata kwa kifua tu, mmeondolewa wote wawili.

Miaka minne tulikimbia hivyo, kila asubuhi, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Jioni alikuja kibandani, akakaa kwenye boksi la vipuri, akasema, "Fundi, leo umeniwekea nini?" Shuleni alikuwa amejifunza kusoma nukta nundu kwa vidole, lakini mjini kwetu kitabu cha namna hiyo ukikitafuta utazeeka, kwa hiyo mimi nikawa msomaji wake. Nilimsomea chochote kilichopita mkononi: gazeti la juzi lililofungiwa misumari, boksi la tyubu, karatasi ya dawa ya kikohozi, ukurasa wa michezo uliochanika katikati ya habari tamu. Nikimaliza, yeye hutafuta funzo. Sharti lake lilikuwa moja, funzo lisizidi pumzi moja, kwa sababu likiwa refu zaidi ya hapo mkimbiaji hawezi kulibeba.

"Tikisa kabla ya kutumia," nilimsomea siku moja kutoka kwenye chupa ya dawa.

"Hilo ni letu," akasema. "Kesho usinianzishe mbio mwili ukiwa wa baridi."

Habari ya timu iliyoongoza kwa mabao matatu kisha ikafungwa manne aliisikiliza hadi mwisho, akasema, "Walianza kusherehekea wakiwa bado na kazi." Mfuko wa saruji ulioandikwa hifadhi mahali pakavu ulimchekesha mpaka akashika mbavu, alisema huo ndio wosia anaopewa na mama yake kila akienda kwenye harusi zenye pombe: asilowe. Mimi nikileta methali, alinikatiza. Methali, alisema, zimeshatafunwa na kila mtu, yeye anataka chakula cha moto. Nilimpenda Yohana. Naliandika hilo mapema kwa sababu nikishamaliza kusimulia, huenda mtu asiamini.

Basi usiku ule nikalala, na sijui nililala kwa muda gani.

Nilijikuta kibandani. Ilikuwa mchana, lakini mchana usio na jua wala kivuli, na upepo wetu wa Singida, ambao haujui kunyamaza, ulikuwa umenyamaza. Nilikuwa naziba pancha. Kila nikibandika kiraka tyubu inavuja mahali pengine, nami sishangai, naendelea kupaka gundi. Mara nasikia fimbo inagonga kizingiti, mara mbili, na Yohana anaingia.

Hakuwa amebadilika. Fulana ilikuwa ile ile ya njano aliyovaa siku ya mashindano ya kanda, na raba zilikuwa zile zile, isipokuwa zilikuwa safi kabisa, hata chini kwenye soli. Nilijua kwamba amekufa. Jeneza lake nililibeba mwenyewe, upande wa kichwani. Lakini sikuogopa. Niliona aibu tu, ile aibu ya mtu aliyekutwa.

Anakaa kwenye boksi. Zamani boksi lile lililia akilikalia, sasa liko kimya.

"Fundi," anasema, "leo umeniwekea nini?"

Natazama huku na huku. Kibandani kwangu makaratasi hayajawahi kukosekana, mke wangu hupaita jalalani, lakini sasa hakuna hata kipande. Navuta droo, nakuta spoku tupu. Nachukua boksi la tyubu, halina maandishi. Chupa ya gundi imebanduka lebo. Natoka kwenda kwa jirani yangu muuza vitumbua nimwombe gazeti moja la kufungia, naye ananitia vitumbua mkononi bila kuvifunga na kitu, vya moto, vinaniunguza, wala haniangalii usoni. Nyuma yangu nasikia Yohana anasubiri. Sijui mtu husikiaje mwingine akisubiri, lakini nilisikia.

Nikigeuka, kibanda hakipo. Ni uwanja.

Niliutambua kwa harufu ya chokaa ya mistari. Majukwaa yamejaa, watu wanapiga makofi, na sauti haitoki. Yohana yuko ubavuni kwangu na kamba iko tayari mikononi mwetu, wala sikumbuki nani aliifunga.

"Yohana, hii si ilishakwisha?" namuuliza.

Anainamisha kichwa kusikiliza bastola ya kuanzia, kwa ile namna yake ya kukaza shingo, na mimi kwa mazoea nainama naye.

Tunakimbia.

Ndoto zangu nyingi za mbio miguu hugoma, lakini safari hii haikugoma. Tulikwenda kama tulivyokwenda siku ile ya kanda. Namwambia "kona", anaingia kona. Namwambia "nyoosha", ananyoosha. Mkono wake na wangu inapanda na kushuka pamoja. Kitu kimoja tu hakiko sawa: mimi nahema, yeye hahemi. Nasikia pumzi yangu peke yake, kubwa, ya mtu anayekimbia bila mwenzake. Nilikuwa nimemkosa sana. Mwaka mzima sikujiruhusu kumkosa, kwa sababu kila nikimkumbuka yeye, lile jambo nalo lilikuja nyuma yake.

"Funzo la leo ni lipi?" namuuliza. Nilitaka tu aseme neno.

"Bado hujanisomea," anasema.

Tumeingia mita hamsini za mwisho. Siku ile mbele yetu hakukuwa na mtu. Nilisikia namba yetu ikitajwa kwenye kipaza sauti, nikamwona mpiga picha amepiga goti ng'ambo ya mstari, na kitu fulani ndani yangu kikasahau kwamba mbio hizi si zangu. Nilikuwa na miaka thelathini na nane. Hakuna mtu aliyewahi kunipiga picha nikishinda kitu, hata bahati nasibu ya shule. Nikatoa kifua. Ndivyo ilivyokuwa siku ile na ndivyo ilivyo sasa ndotoni, kifua changu kinatangulia na mimi nakiona kinavyotangulia. Nataka kukirudisha, hakirudi.

Nimevuka.

Nageuka, na Yohana hajavuka. Siku ile alivuka nyuma yangu kwa unyayo mmoja. Sasa amesimama kabla ya mstari, ncha za raba zake zimeigusa chokaa, na hasogei. Kamba imekaza kati yetu.

"Vuka," namwambia. "Yohana, vuka, umebaki wewe tu."

"Nisomee kwanza."

Pembeni yake pamesimama ubao wa matangazo. Naujua ubao ule. Ulikuwa nje ya chumba cha waamuzi, na karatasi ya matokeo ilikuwa imebanwa kwa pini mbili. Siku ile kipaza sauti kilitangaza tu kwamba namba yetu imeondolewa, sababu hakikuitaja. Yohana akasema twende kwenye ubao. Tulikuwa wawili tu kutoka kwetu, mwalimu alibaki nyumbani na homa, na pale ubaoni hapakuwa na mtu mwingine. Nikasoma kimoyomoyo: mwongozaji ametangulia kuvuka. Yohana amenigeuzia sikio anangoja, vile vile alivyokuwa akingoja kibandani. Alikuwa akiamini kila nilichomsomea, tangu maandishi ya maboksi hadi barua za nyumbani kwao. Nikafungua mdomo, nikasoma, "Mkimbiaji amekanyaga mstari wa kona."

Akasema, "Nisamehe, Fundi."

Na mimi, Mungu wangu, nikamsamehe.

Nilipanga kumwambia ukweli njiani tukirudi. Njiani nikapanga kumwambia tukifika. Tulipofika, baba yake alikuwa barazani anatungoja. Mzee huyu ni mwashi, amejenga nusu ya nyumba za mtaa wao, na alikuwa ametangazia nyumba zote hizo kwamba mwanawe anarudi na dhahabu. Alimsikiliza Yohana akijieleza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mstari tu, Yohana. Miaka yote hii, mstari tu umekushinda." Akaingia ndani. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika begi la Yohana, na ulimi nilikuwa nao kinywani.

Baada ya hapo ningemwambia nani? Kila siku iliyopita iliufanya uongo ule kuwa mgumu zaidi kuutua. Yohana hakukimbia tena. Kibandani aliendelea kuja, akakaa kwenye boksi, akauliza nimemwekea nini, nikamsomea, lakini kutafuta funzo akaacha. Alisikiliza, akashukuru, akachukua fimbo yake. Masika yaliyofuata homa ilimkamata siku mbili, siku ya tatu tukazika. Baba yake hakuwahi kuifuta ile kauli. Watu waliokuja msibani walinipa pole mimi kabla ya ndugu zake, eti nimepoteza mwenzangu. Nilizipokea zote.

Hayo yote yalinijia pale pale kwenye mstari, kwa pamoja.

"Nisomee," anasema tena.

Naugeukia ubao. Nasoma, "Mkimbiaji amekanyaga mstari wa kona."

Kamba inarefuka. Hajainua mguu, lakini kati yetu pameongezeka hatua kumi, na amekuwa mdogo.

"Soma tena."

"Mkimbiaji amekanyaga…" Yuko mbali zaidi. Majukwaani watu wameondoka, na mahali walipokuwa wamekaa pamepangwa matofali, rundo baada ya rundo, na mifuko ya saruji. Juu ya mfuko mmoja ameketi Mama Yohana, kitenge mabegani, mikono mapajani. Ananitazama kwa upendo. Ananitazama kama mtu aliyetendewa wema na hajui atalipaje. Hapo ndipo nguvu ziliponiishia. Angenitazama kwa chuki, uongo ule ningeusoma hata mara mia.

Nikasoma. Sauti ilitoka ndogo.

"Mwongozaji ametangulia kuvuka. Ni mimi, Yohana. Ni kifua changu."

Mara yuko karibu, karibu kuliko nilivyotaka, hata vile vipele vya wembe kidevuni mwake naviona.

"Nilijua," anasema.

"Ulijua lini?"

"Pale pale. Kamba ilivuta mbele."

Nakosa pa kuuweka uso. "Sasa kwa nini uliniomba msamaha? Kwa nini hukunikatalia?"

"Nilidhani utarudia kusoma," anasema. "Ndiyo maana nilikuwa nakuja."

Nilikaa kwenye chokaa, nikalia kama nisivyolia siku ya kuzika. Siku ya kuzika nililia nikijua natazamwa. Kumbe zile jioni zote alipoketi kwenye boksi na kuuliza leo nimemwekea nini, alikuwa ananifungulia mlango. Mimi nikamsomea bei ya alizeti. Nikamsomea ligi ya wilaya, maelekezo ya mafuta ya cheni, tangazo la mbuzi aliyepotea. Karibu mwaka mzima alikuja kuningoja, na mwenzake nikawa najiona mwema, nasema hata kukimbia ameacha lakini bado namsomea.

"Umenisamehe?" namuuliza kutoka chini.

Anafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kwanza, na kufa hakukumwondolea tabia hiyo. Ananyoosha mkono kwenye ubao, anaipapasa karatasi kwa vidole, polepole, kuanzia juu mpaka chini, hadi kwenye pembe.

"Hilo halimo humu," anasema.

Nilitamani anitukane. Badala yake ananiwekea mkono begani, na sikudanganyika kwamba ananifariji. Alikuwa anautafuta msawazo, kama alivyofanya kila akivua raba. Anavua moja, anavua na ya pili. Anaziweka sambamba, upande wake wa mstari. Miguu yake ni mitupu na chokaa haiishiki. Mama yake hayupo tena pale juu, matofali yapo, na ule upepo wetu umeanza kurudi, unapuliza vumbi la saruji kati yetu hadi simwoni vizuri.

"Yohana, niseme nini Jumamosi?"

Aliniambia neno moja la mwisho. Lilikuwa fupi, la pumzi moja, ingawa yeye pumzi hakuwa nayo.

"Mimi nilijua. Baba ndiye hajui."

Nikaamka.

Zuhura, mke wangu, alikuwa ameketi kitandani amewasha taa ya simu. Nje jogoo wa jirani alikuwa ameanza.

"Ulikuwa unasoma," akasema. "Kitu kile kile, unarudia. Halafu ukasema ni mimi, Yohana. Ni wewe nini?"

Ningeweza kusema ni ndoto tu. Mdomo ulishajiandaa kusema hivyo, umezoea. Lakini nilikuwa nimechoka, nikamwambia yote, tangu yule mpiga picha hadi barazani kwa mzee. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno yale yakitoka kwa sauti yangu nikiwa macho. Zuhura hakunilaumu wala hakunigusa. Aliuliza jambo moja tu.

"Na Jumamosi ulikuwa unakwenda kusema nini?"

"Kwamba nimemsamehe."

Aliizima taa, akanigeuzia mgongo. Baada ya muda nikasikia analia, naye hakuwa na deni lolote la kulia katika jambo lile.

Sijui kama wafu huja kweli, au ni moyo wa mtu unaojisemesha usiku ukikosa wa kusema naye mchana. Wanaojua hayo wayaseme wenyewe. Ninachojua ni kwamba asubuhi ile, nikiwa bombani nanawa uso, niliutazama mkono wangu wa kulia nikaona kwamba Yohana hakuniletea habari mpya. Miaka minne kamba ile ilimwambia kila kitu. Ilimwambia kona, ilimwambia shimo, ilimwambia nikichoka kabla mimi mwenyewe sijakiri, hata siku nilizokuja nimegombana na Zuhura aliniuliza, "Nyumbani kuna nini?" tukiwa hatujamaliza mzunguko wa kwanza. Ingewezaje kunyamaza siku ile moja? Nililijua hilo tangu zamani. Nilikuwa nimelifunika tu, na kulifunika kwenyewe kulikuwa kazi ya kila siku.

Sikufungua kibanda. Nilitembea kwa miguu hadi kwa kina Yohana, baiskeli nikaiacha, kwa sababu nilijua nikiwa na baiskeli nitageuza.

Mama Yohana alikuwa uani anachekecha mchanga wa Jumamosi. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na vumbi lilikuwa limemjaa kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Jumamosi bado." Akatabasamu. "Au umekuja kunisaidia mchanga?"

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimepanga kuanza mbali, nieleze kanuni za mbio, nieleze ilivyo shida mtu kujizuia pale mwishoni. Nilipofungua mdomo yalitoka maneno machache tu, kwamba Yohana hakukosea, kwamba niliyekosea ni mimi, kwamba karatasi ilisema hivyo na mimi nikamsomea vingine. Chekeche lilisimama mikononi mwake. Mchanga uliobaki ukaendelea kudondoka kidogo kidogo hadi ukaisha.

"Akakuomba msamaha," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukampa."

"Ndiyo, mama."

"Na jana nikakushika mkono sokoni nikikuomba umpe tena."

Nilitegemea kelele, nilitegemea hata kofi, na vyote viwili ningevipokea kwa shukrani. Yeye aliliweka chekeche chini taratibu, akajipangusa viganja kwenye kanga, akautazama mlango wa nyumba.

"Baba Yohana!" akaita. "Njoo huku nje."

"Kuna nini?" sauti ikajibu kutoka ndani.

"Njoo."

Mzee alitoka amevaa sweta juu ya msuli, macho bado yana usingizi. Alikuwa amekonda tangu tulipoonana mara ya mwisho. Aliponiona alinyoosha mkono kunisalimu, nikaushika mkono ule mgumu wa mwashi kwa mikono yangu miwili, nikasema shikamoo, akaniitikia vizuri. Mama Yohana akamletea kigoda, akamkalisha, akabaki amesimama nyuma yake na kiganja begani mwake.

"Anza upya," akaniambia. "Tangu mwanzo. Usiruke hata neno."

"Mzee," nikasema, "Yohana hakukanyaga mstari wowote."

Nilikuwa sijafika kwenye sehemu yangu mimi, sijamtaja mwenye kosa, na tayari mzee alikuwa ameinama amefunika uso kwa mikono yote miwili.